Kujitolea kwa familia za mitaani Nairobi: kazi yenyewe ilivyo

Kila ifikapo Novemba, waumini wenzangu, majirani zangu wa Kayole na watu ninaofanya nao kazi huanza kuniuliza namna ya kujiunga na shirika ninalojitolea. Ni shirika dogo linalowahudumia watu wanaolala nje katikati ya jiji la Nairobi, kuanzia mzunguko wa Globe na kingo za Mto Nairobi hadi Ngara, Muthurwa na Gikomba. Wanaouliza huwa na nia njema na Jumamosi moja ya nafasi. Nimezoea kuwajibu kwa vipande, kwenye foleni ya matatu au baada ya ibada, na kila mara tumeachana nikihisi kwamba nimewaeleza habari za chakula na mablanketi pekee, na kazi yenyewe sijaigusa. Kazi yenyewe, kama nilivyoijua mimi, ni kurudi: kurudi siku ileile mahali palepale mpaka watu wakuzoee, kisha kuandamana na mmoja wao hadi ofisi ileile mara zote zitakazohitajika, mpaka apate karatasi inayomtambulisha kuwa mtu wa nchi hii.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Kwa miaka mingi nilipita Globe jioni nikielekea kupanda gari, na machoni pangu watu hao walikuwa kundi moja la kuogopwa. Nilipoanza kukaa nao, kundi hilo lilivunjika. Yuko mtoto aliyeshuka kwenye basi la mashambani juma hili na bado amevaa shati la shule. Yuko mama aliyezaliwa mtaani, akalelewa mtaani, na sasa ananyonyesha papo hapo. Yuko mzee aliyeugua, akashindwa kulipa kodi, akafungiwa chumba na vitu vyake ndani. Wako pia wanaoshinda mjini wakiomba, lakini usiku hurudi kulala kwenye chumba Mathare au Mukuru. Msaada unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine. Mtoto aliyefika juma hili anahitaji jamaa zake watafutwe upesi kabla hajaizoea gundi inayovutwa mtaani, ilhali mama aliyezaliwa mtaani hana pa kurudishwa, na anayemwambia "rudi nyumbani" anamuumiza bila kujua.

Nilijiunga nilipomaliza kulipa karo ya kitinda mimba wangu, nikiwa na Alhamisi jioni na nusu ya Jumamosi za kutoa. Nilidhani ningepewa mwiko na aproni siku hiyohiyo. Badala yake niliombwa nakala ya kitambulisho, barua ya mdhamini na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, ambacho mtu huomba mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha akaenda kuchukuliwa alama za vidole. Nilisomewa pia kanuni za ulinzi wa watoto, nikazitia saini. Wakati ule niliona ni urasimu wa kuchosha. Leo ningemshauri yeyote anayetafuta shirika la kujitolea alipime kwa jambo hilo kwanza: shirika linalokuruhusu kukaa na watoto usiku bila kutaka kujua wewe ni nani linamruhusu na mwingine mwenye nia mbaya. Gharama za cheti na nauli nilizilipa mwenyewe, na ndivyo ilivyo kwa wengi wetu.

Majuma ya kwanza nilikaa nyuma ya msimamizi wetu, ambaye mwenyewe alikulia mtaani na ana heshima katika karibu kila besi. Besi ni mahali ambapo kundi fulani hulala, hupika na kukutanika, na kila besi ina kiongozi wake, sheria zake na mipaka yake. Mgeni haingii besi akaanza kugawa vitu. Humsalimia kiongozi kwanza, akaeleza amekuja kwa nini, akangoja kukaribishwa. Hilo si woga, ni adabu ileile tunayoitumia mlangoni kwa jirani. Msimamizi alinifundisha kuchuchumaa ninapozungumza na mtu aliyeketi chini, kuuliza jina na kulikumbuka, na kutomuuliza mtu siku ya kwanza kwa nini aliondoka kwao. "Mama," aliniambia, "hiyo stori ameulizwa na kila mtu mwenye kamera. Ngoja akuambie mwenyewe." Baadhi yao nilingoja mwaka mzima kabla hawajaniambia, na wengine hawajaniambia mpaka leo.

Swali walilonirudia nalo wao lilikuwa moja: "Mathe, utarudi lini?" Mwanzoni nililichukulia kuwa ni njia ya kuuliza chakula kitakuja lini tena. Baadaye nilielewa kwamba wamewaona watu wengi wakija kwa shangwe na kutoweka, na kwamba jibu lisilo la kweli huwavunja zaidi ya kukosa mkate. Tangu hapo nimekuwa mkali kwa nafsi yangu na kwa wageni: usiahidi Alhamisi ijayo kama hujui utakuwa wapi Alhamisi ijayo. Mtu anayeweza kuja mara moja tu kwa mwezi, lakini akaja kila mwezi, ana manufaa kuliko anayekuja kila siku kwa majuma mawili kisha asionekane tena.

Kuhusu gundi, kuna mambo ambayo kila anayeanza anapaswa kuyajua kabla ya kukanyaga besi, kwa sababu yanahusu uhai. Gundi ya washona viatu na mafuta ya ndege ambayo vijana huyavuta huondoa njaa, baridi na hofu kwa muda mfupi, na ndiyo maana maneno ya kuwakaripia hayafui dafu kwa mtu mwenye tumbo tupu usiku wa Julai. Mvuke huo huufanya moyo uwe mwepesi kuyumba, na mtu aliyetoka kuvuta anaweza kuanguka na kufa ghafla akishtuliwa au akikimbizwa. Kwa hiyo usimnyang'anye mtu chupa yake ya gundi, usimkimbize, usimpigie kelele kwa nyuma. Zungumza naye kwa sauti ya chini, ukae naye mahali penye hewa. Mvuke huohuo hushika moto kwa urahisi, hivyo chupa na jiko havikai pamoja; sisi hutenga jiko mbali na foleni, na msimamizi huwaomba wenye chupa wasisogee karibu nalo.

Jambo jingine ambalo gundi ilinifundisha ni saa. Nilikuwa nikipanga safari za ofisini mchana, kwa urahisi wangu, na watu walikuwa hawafiki au walifika wakiwa hawawezi kusimama. Mtu huwa na akili yake asubuhi, kabla siku haijamlemea. Sasa mtu akitaka kwenda hospitali au kwa chifu, tunakutana naye kunapopambazuka, tunanywa chai na mandazi kwanza, kisha tunaondoka. Nimeomba ruhusa kazini kuingia kwa kuchelewa siku hizo na kufidia jioni. Anayeanza ayafikirie haya mapema, kwa sababu sehemu yenye maana zaidi ya kazi hii hufanyika saa za ofisi, wala si wikendi.

Chakula kina nafasi yake, nami sikidharau. Alhamisi tunapika githeri au wali na maharagwe kwenye sufuria kubwa, na msimu wa baridi tunaongeza uji moto. Wamama wenye watoto wachanga huhudumiwa kwanza, kisha watoto, kisha wengine. Bila utaratibu huo wenye nguvu hula mara mbili na wadogo wakaambulia ukoko. Utaratibu huo husimamiwa na kiongozi wa besi mwenyewe, na siku ambayo wageni waliamua kuusimamia bila yeye, foleni iligeuka vurugu na mtoto mmoja akaungua mkono.

Tatizo la chakula ni majira yake. Jumamosi za Desemba huwa na magari ya wafadhili yaliyopangana, mikate hubaki hadi huota ukungu, na vijana hula mpaka wakatapika. Kisha Januari inafika, karo inadaiwa kila nyumba, na besi zinakaa kimya. Ukitaka kusaidia kwa chakula na uwezo wako ni wa mara chache kwa mwaka, njoo Januari au Februari, au njoo Aprili mvua ya masika inapozima kazi ya kuokota plastiki na kubeba mizigo. Piga simu kwa shirika kwanza uulize ni siku gani hakuna mtu.

Nguo na mablanketi vina somo lake. Wageni hukasirika wakiona blanketi walilotoa juzi likiuzwa leo. Mimi pia niliumia, mpaka mama mmoja aliponionyesha mahali anapolala na kuniuliza angelificha wapi mchana akiwa kazini, ikiwa halitalowa basi litaibwa, na lisipoibwa litabebwa na askari wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, pamoja na katoni zake. Kuliuza na kununua unga ulikuwa uamuzi wa busara. Tangu hapo tumepunguza mablanketi makubwa na kuongeza vitu ambavyo mtu hutembea navyo au huvimaliza: soksi, chupi mpya, sodo, sabuni, na sweta nzito. Turubai dogo lenye kamba humfaa mtu wakati wa mvua kuliko blanketi, kwa sababu blanketi lililolowa ni mzigo. Dawa ya upele nayo haina maana ukimpaka mtu mmoja. Kundi zima linalolala pamoja linapaswa kutibiwa siku moja na nguo zote zifuliwe au zibadilishwe, la sivyo upele unarudi.

Kwa upande wa picha, shirika letu haliruhusu mgeni kupiga picha za nyuso, na mimi naunga mkono kabisa. Msichana mmoja aliyekuwa amemkimbia mwanamume aliyemtesa alikuta picha yake akipokea chakula imesambazwa na kundi lililokuwa limetembelea besi kabla sheria hiyo haijawekwa. Alihama usiku huohuo na hatujamwona tena.

Sasa nifike kwenye karatasi, ambako nimetumia nguvu zangu nyingi na ambako naamini mtu mmoja mvumilivu anaweza kubadilisha maisha ya mwenzake.

Katika besi moja karibu na Muthurwa kulikuwa na kijana aliyekuwa akibeba mizigo katika soko la Marikiti tangu utotoni. Alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu na mwaminifu kiasi kwamba wafanyabiashara walimwachia viazi vyao kuvilinda. Mmoja wao alitaka kumwajiri katika ghala lake kwa mshahara. Kizuizi kilikuwa kitambulisho. Asiye na kitambulisho Kenya hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hawezi kupangisha chumba kwa mwenye nyumba makini. Mlinzi humzuia kwenye milango ya majengo mengi. Na polisi wakimkamata usiku hana cha kuwaonyesha. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kujiandikisha hospitalini nako kunadai namba hiyohiyo.

Nilidhani ni suala la kupiga foleni. Kwanza aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, naye hakuwa nacho. Tukaenda kuomba cheti, tukaulizwa kadi ya kliniki au taarifa ya hospitali. Mamake aliwahi kumwambia alizaliwa hospitali ya Pumwani, lakini mama alikuwa amefariki na hapakuwa na karatasi yoyote iliyobaki. Tukaenda kwa chifu kutafuta barua, na chifu akasema kwa haki kabisa kwamba hawezi kumthibitisha mtu asiyemjua na asiye na nyumba katika eneo lake. Ofisi nyingine ikamtaka alete babake, na kijana akajibu kwa upole kwamba hajawahi kumwona. Ofisa akafunga faili. Nilitoka nje nikilia kwa hasira, na kijana ndiye aliyenibembeleza, akaniambia twende tunywe chai kwa sababu hilo yeye alilitarajia.

Kilichotufungulia njia ni shule. Katika mazungumzo ya asubuhi, pasipo mimi kuuliza, alitaja kwamba aliwahi kusoma hadi darasa la tatu karibu na kwa nyanyake Murang'a, kabla mamake hajamrudisha mjini. Tulisafiri siku ya Jumatatu. Mwalimu mkuu alifungua rejista za zamani za waliosajiliwa, na jina lake lilikuwemo, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na jina la mlezi. Mwalimu akaandika barua na kuipiga muhuri. Nyanya tulimkuta hai, mzee sana, na sitaeleza yaliyotokea katika ua ule kwa kuwa ni mambo yao. Kitu kilichohusu karatasi ni kwamba nyanya alikuwa na kitambulisho chake, alikuwa tayari kuapa kwamba huyu ni mjukuu wake, na naibu wa chifu wa pale aliijua familia tangu zamani. Kwa barua ya shule, kitambulisho cha nyanya na barua ya naibu wa chifu, maombi ya kusajili kuzaliwa kwa kuchelewa yalipokelewa, na baada ya cheti kupatikana, ndipo tukaanza safari ya kitambulisho.

Haikuisha hapo. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa kazi ya magunia hata alama hazikusomeka vizuri, ikabidi apumzike kubeba mizigo kwa siku kadhaa, ajipake mafuta, kisha arudi. Siku hizo hakuwa na kipato. Shirika halilipi mtu ujira wa siku aliyokosa, lakini tulihakikisha amekula. Hii ni gharama ambayo wanaojitolea huisahau: mtu wa mtaani anapokuja nawe ofisini anaacha riziki ya siku hiyo, na ukimchelewesha kwa kutofika kwa wakati, umemlaza njaa.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii, mambo niliyoyapata humo ni haya. Anza na shule kabla ya hospitali, kwa maana rejista za shule za msingi huhifadhiwa vizuri na walimu husaidia. Kadi ya ubatizo nayo huweza kukubaliwa kama ushahidi wa ziada. Tafuta mtu wa ukoo wa upande wa mama, hata akiwa mbali, kabla ya kurudi kwa ofisi za jijini. Beba barua ya shirika yenye muhuri inayoeleza wewe ni nani na mnashughulikia nini, maana bila hiyo utashukiwa, na mashaka hayo yana msingi. Mtu asiye na rejista yoyote anaweza kuelekezwa hospitali ya serikali akatathminiwe umri na daktari; njia hiyo ni ndefu lakini ipo. Na kila karatasi inayopatikana, toa nakala, uhifadhi nakala na hata karatasi halisi katika kabati la shirika ikiwa mwenyewe ataridhia, kwa kuwa besi huungua, hulowa na kuvunjwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mafuriko yaliposomba makazi ya kingo za mto, watu wetu walipoteza kila walichokuwa nacho, na waliokuwa wameweka vyeti vyao kabatini walibaki navyo.

Kwa watoto jambo hili ni la haraka zaidi, kwa sababu mwanafunzi husajiliwa katika mfumo wa wizara ya elimu kwa cheti cha kuzaliwa. Mama asiye na kitambulisho humzaa mtoto asiye na cheti, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima asiye na kitambulisho. Kwa hiyo mama mjamzito akija kwetu, jambo la kwanza baada ya kliniki ni karatasi zake yeye.

Hospitalini kazi ni hiyohiyo ya kurudi. Kifua kikuu hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita ya dawa kila siku. Mwezi wa pili mgonjwa hupata nafuu, homa huisha, naye huona hakuna haja ya kuendelea. Mwanamume mmoja niliyekuwa nikimpelekea chai na kumwona akimeza dawa aliacha wakati huo, akahama besi, na aliporudi alikuwa amedhoofika vibaya. Alifariki. Sikulala vizuri kwa muda mrefu, na kila nilipoona kikombe alichokuwa akitumia niliumia upya. Vijana wa besi walichanga sarafu kwa ajili ya mazishi yake, watu ambao wengine wetu huwafungia madirisha ya gari. Lakini hakukuwa na kitambulisho wala jamaa wa kuuchukua mwili, na kwa mtu asiyejulikana rasmi, hata kuzikwa kwa jina lake huwa ni mapambano. Baada ya hapo ndipo nilipolichukulia suala la karatasi kwa uzito nilio nao sasa.

Kuna jambo la hospitali ambalo halisubiri asubuhi. Msichana au mvulana akibakwa, dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, apelekwe hospitali kwanza, na taarifa ya polisi ifuate. Weka nauli ya dharura mahali unapoweza kuifikia usiku.

Watoto wanaolala nje huamsha huruma ambayo inaweza kumpotosha mtu mzuri. Mwenzetu mmoja alitaka kumchukua nyumbani kwake mvulana aliyefika mjini peke yake, amwogeshe na amlaze hata kwa usiku mmoja. Msimamizi alimkataza, na baadhi yetu tulimwona mkatili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haiachi jambo hili mikononi mwa mtu binafsi: mtoto anayehitaji ulinzi hupelekwa kwa ofisa wa watoto au polisi, na simu ya bure 116 hupokelewa saa zote. Utaratibu huo humlinda mtoto dhidi ya wanaojifanya wenye huruma, na humlinda pia anayesaidia. Mvulana yule alirudishwa kwa mamake, kisha baada ya muda mfupi akarejea mjini, kwa sababu fimbo ya baba wa kambo iliyomkimbiza ilikuwa bado ipo. Mara ya pili ofisa wa watoto alimtafuta shangazi yake, akakaa na familia, akapanga ziara za kufuatilia, na tuliombwa kusaidia nauli za ziara hizo. Mtoto bado yuko huko. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unasisitiza watoto walelewe katika familia badala ya makao ya watoto, nami nimeona ni sawa, ila familia hiyo haijitengenezi yenyewe siku ambayo mtoto anashushwa mlangoni. Fedha za kufuatilia zinahitajika kuliko za kumsafirisha.

Wazee wa besi wana kumbukumbu ndefu kuhusu misaada. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa vijana waliotolewa mitaani mwaka 2003, mwaka ambao pia ulianzishwa Mfuko wa Urekebishaji wa Familia za Mitaani, akapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Alijifunza uchomeleaji, na mpaka leo akipata kazi Gikomba huufanya kwa ustadi. Aliniambia kwamba ufundi alipewa na hakuusahau. Alichokosa alipomaliza ni chumba cha kulala na mtu wa kumuuliza hali kila juma. Ushauri wake umebadilisha jinsi tunavyopanga. Kijana akipata kazi, hatumwondoi kwenye daftari letu. Mwezi wa kwanza wa mshahara ndio wenye hatari, kwa kuwa chumba cha peke yake kina ukimya asiouzoea na marafiki wako besi.

Kuhusu fedha zangu mwenyewe, nitasema wazi. Nauli hupanda jioni na mvua ikinyesha, na nakala, chai, muda wa maongezi na dawa ndogondogo hujumlika. Nilipoona naingilia bajeti ya nyumbani, mume wangu na mimi tuliketi tukaweka kiasi maalumu cha mwezi, na kikiisha nasema kimeisha. Sikopeshi na sitoi fedha mkononi, kwa kuwa mwenye fedha usiku huporwa na hata kupigwa. Nina laini ya simu ya kazi hii pekee, nayo huizima saa nne usiku isipokuwa zamu ya dharura ikiwa yangu. Mara moja kwa mwezi wanaojitolea hukutana kuzungumza, bila wageni, na yeyote aliyefiwa na mtu wa besi hupewa nafasi ya kupumzika. Shirika lisilo na kikao cha namna hiyo litakuchosha, na uchovu huo utawafikia watu unaodai kuwasaidia kwa sura ya ukali.

Kijana wa Marikiti alipata kitambulisho chake, akasajili laini, akajiandikisha SHA, na anafanya kazi ghalani. Chumba amepata Kariobangi, na Alhamisi nyingine huja kutusaidia kubeba sufuria. Sasa tunamshughulikia dadake mdogo, ambaye ana mtoto wa miaka minne anayetakiwa kuingia shule. Barua ya chifu imepatikana na nyanya amekubali kuapa tena, lakini shule aliyosoma iliunganishwa na nyingine na rejista zikahamishwa. Mwalimu mkuu mpya ametuomba turudi muhula utakapofunguliwa. Tumekubaliana kuondoka kwa gari la kwanza, na mwenzangu mmoja aliyejiunga mwaka huu atakuja nami ili aijue njia.